Je, Wajua? Macho Yako Yamekaa Katikati ya Kichwa

Je, wajua kwamba macho yako yako katikati kabisa ya kichwa chako? Sisemi katikati ya uso. Nasema katikati ya kichwa kizima, kuanzia utosini hadi ncha ya kidevu. Chukua bua la mtama ujipime: kidevuni hadi kona ya jicho, kisha kona ya jicho hadi utosini. Vipande viwili vitakaribia kulingana. Kila ninapokaa na vijana hapa Katumba kufinyanga kichwa cha mtu, karibu wote hupandisha macho juu mno mara ya kwanza, na wala si kwa uzembe. Mtu akimtazama mwenzake hutazama macho, pua na mdomo, maana huko ndiko kuliko na habari. Paji la uso na nywele havina la kusema, basi mkono huvipunja udongo.

Je, wajua ukipandisha macho unapata kichwa cha nani? Cha sokwe. Hatuhitaji kwenda mbali kumwona: wapo katika msitu wa Ntakata, wilaya ya Tanganyika, humu humu mkoani Katavi, na wapo Mahale, ng'ambo ya mpaka wa Kigoma. Ubongo wa sokwe mtu ni kama theluthi moja tu ya wetu, kwa hiyo juu ya macho yake hakuna jumba kubwa la mfupa. Macho yake yanakaribia kilele cha kichwa, na chini yake kuna uso mrefu na taya nzito. Mary Leakey alipookota vipande vya fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, pale Olduvai, tarehe 17 Julai 1959, kilichotokea baada ya kuviunganisha kilikuwa uso mpana, mkubwa, usio na paji la kuonekana. Fuvu hilo lina umri wa miaka ipatayo milioni 1.75, na limehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Sentimita chache za udongo juu ya nyusi ndizo zinazotutenganisha naye. Usizipunje.

Je, wajua kichwa ukikitazama kwa mbele kina upana wa macho matano? Jicho moja kati ya macho mawili, na nafasi ya jicho moja kila upande kuelekea sikioni. Ni makadirio, lakini ni makadirio mazuri ya kuanzia.

Je, wajua uso hugawanywa mafungu matatu? Pale nywele zinapoanzia hadi kwenye nyusi, nyusi hadi chini ya pua, chini ya pua hadi kidevuni. Mgawanyo huu aliuandika Vitruvius, msanifu majengo wa Roma, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na Leonardo da Vinci akaurudia katika michoro yake. Mwenye kipara naye ana mstari wa nywele: mwambie akunje paji, uone ngozi inapoishia kujikunja.

Je, wajua mstari wa midomo haukai katikati ya pua na kidevu? Uko juu zaidi, kwenye theluthi ya kwanza. Anayeuweka katikati hupata mtu asiye na kidevu, na hujiuliza siku nzima kosa liko wapi.

Je, wajua sikio limeshikizwa wapi? Kwa urefu, kati ya mstari wa nyusi na mstari wa chini ya pua. Kwa ubavu, nyuma ya katikati ya kichwa, likiegemea nyuma kidogo. Karibu kila kichwa cha kwanza nilichokiona masikio yamesogea mashavuni, kwa sababu moja tu: mfinyanzi amesahau kisogo. Tunazoea kuonana uso kwa uso, tukidhani kichwa ni sahani iliyosimamishwa. Lakini kutoka paji la uso hadi kisogoni ni karibu sawa na kutoka utosini hadi kidevuni, kama sehemu 7 kwa 8. Kichwa cha mtu mzima chenye urefu wa sentimita 23 kinataka kina cha sentimita 20 hivi. Zunguka nyuma ya mtu unayemfinyanga. Mfuate akienda kisimani. Mtu hutambulika kwa kisogo chake hata gizani.

Je, wajua neno lenyewe la kazi hii? Wazee wengi wa hapa walikuja na Kirundi. Makazi ya Katumba yalianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Kwa Kirundi udongo wa vyungu ni ibumba, kufinyanga ni kubumba, na mfinyanzi ni umubumbyi. Sikiliza tena: kubumba. Ni ndugu wa kuumba, lile lile la Kiswahili tunalolitumia kwa kazi ya Mungu. Mzizi wao ni mmoja katika lugha za Kibantu, na maana yake ya zamani ni kukanda udongo uwe na umbo. Mimi neno hili hunikumba kila ninapotia vidole kwenye bonge la ibumba kutafuta shimo la jicho.

Je, wajua kuna sheria moja ya vitabu ambayo haikutengenezwa kwa nyuso zetu? Inasema upana wa pua, bawa hadi bawa, ni sawa na nafasi iliyo kati ya macho. Kijana mmoja aliifuata neno kwa neno alipomfinyanga mama yake. Alipomaliza, mama alikuwa na macho yake, midomo yake, na pua ya mgeni. Leslie Farkas, daktari wa Canada aliyetumia maisha yake kupima nyuso za watu, alizijaribu kanuni hizi za kale kwa vipimo vya watu halisi miaka ya 1980. Aligundua kwamba nyingi haziwashiki hata vijana wa Amerika Kaskazini wenye asili ya Ulaya, ambao ndio zilidhaniwa kuwaeleza. Kwa Waafrika wengi pua ni pana kuliko nafasi kati ya macho, na taya pamoja na midomo husogea mbele zaidi kwa ubavu. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, walionyesha kwamba upana wa tundu za pua unaambatana na joto na unyevu wa hewa ya nchi walikotoka mababu. Pua nyembamba hupasha moto na kulowesha hewa baridi na kavu kabla haijafika mapafuni. Hewa yenye joto na unyevu haikutaka kazi hiyo.

Kwa hiyo usiazime pua kitabuni. Kapime.

Je, wajua kipimo cha kichwa kimewahi kutumika kumtafuta mtu mmoja kati ya mafuvu 2,000? Mkwawa, Mtwa, yaani mtawala, wa Wahehe, alijiua tarehe 19 Julai 1898 kuliko kukamatwa na Wajerumani, na kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Kurudishwa kwa fuvu lake kuliandikwa hata katika Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246. Miaka ikapita. Mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, akaenda kwenye jumba la makumbusho la Bremen, ambako kulikuwa na mafuvu yapatayo 2,000, kati yake 84 ya kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kabla ya safari alikuwa na vipimo vya vichwa vya jamaa za Mkwawa: gawanya upana wa kichwa kwa urefu wake wa mbele hadi nyuma, zidisha kwa 100. Kwao ilikuwa karibu 71. Akatafuta mafuvu yenye namba hiyo, akakuta moja lenye tundu la risasi, na mwaka 1954 likakabidhiwa Kalenga kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Ninaiheshimu siku ile na machozi ya waliokuwepo. Lakini mfinyanzi yeyote atakwambia: namba moja haimtambulishi mtu. Watu maelfu wanaweza kuwa na 71. Uso haukai kwenye hesabu moja. Unakaa kwenye hesabu mia zinazopishana.

Je, wajua mafuvu mangapi ya watu wa kwetu yalikuwa Berlin? Mwaka 2023 taasisi inayosimamia urithi wa utamaduni wa Prussia ilitoa matokeo ya utafiti wa mafuvu yapatayo 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni: 904 ya maeneo ya Rwanda ya leo, 202 ya Tanzania, 22 ya Kenya. Mengi yalikusanywa na watu waliokuja na bikari za kupimia vichwa, akiwemo Jan Czekanowski, aliyefuatana na msafara wa Kijerumani wa 1907 na 1908 katika nchi za maziwa makuu. Walitaka kupanga watu kwa makabila na daraja kwa pua, kimo na upana wa fuvu. Wabelgiji wakaendeleza fikra ile ile Rwanda na Burundi.

Hapa ndipo somo hili linapokuwa zito Katumba kuliko mahali pengine. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki aliishi na wakimbizi wa makazi ya Mishamo, jirani zetu, mwaka 1985 na 1986, na katika kitabu chake cha 1995 aliandika jinsi walivyosimulia kwa kina maumbo ya mwili yaliyosemwa kutofautisha Mhutu na Mtutsi: pua, kimo, vidole, mpaka miguu. Kwao haya hayakuwa mambo ya darasani. Kuna waliosalimika na kuna waliokufa kwa sababu mtu fulani barabarani alidhani anajua kusoma pua. Mara ya kwanza nilipomwomba bibi mmoja wa hapa nimpime uso kwa bikari alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniuliza: "Unapima ili iwe nini, mwanangu?" Nilimwonyesha bonge la udongo. Nikamwambia, "Ili uwe wewe, bibi." Akakubali, ila alinitaka kwanza nijipime mimi mbele yake.

Bikari ni ile ile, lakini wale wa ukoloni walipima watu wengi ili wapate namba moja ya kuwabandika wote. Anayefinyanga anapima mara nyingi ili amfikie mtu mmoja, na kila kipimo kinachokataa kulingana na kitabu ndicho anachokitafuta. Watu wapatao 162,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walipewa uraia wa Tanzania, vyeti vikianza kukabidhiwa mwaka 2014. Cheti kina picha ndogo ya uso. Niliwahi kuziona picha hizo zimepangwa mezani kwa jamaa mmoja, babu hadi mjukuu, na hakuna pua mbili zilizofanana.

Je, wajua bikari nzuri hutengenezwa kwa spoki mbili za baiskeli? Zipinde kama pembe za ng'ombe, zifunge kwa waya juu. Ncha zikikumbatia mfupa wa shavu huu na huu, umepata upana wa uso. Hamishia kwenye udongo kabla mkono haujatikisika.

Je, wajua mboni ya jicho imo ndani ya mpira? Jicho la mtu mzima ni tufe lenye kipenyo cha milimita 24 hivi, na ukubwa huo hautofautiani sana kati ya mtu na mtu. Macho makubwa tunayoyasifu ni kope zilizofunguka zaidi. Basi viringisha mipira miwili ya udongo ya milimita 24, izamishe kwenye mashimo yake, halafu vika kope juu yake kama kitambaa. Anayechora jicho kama samaki kwenye ukuta bapa hupata jicho lililokufa. Na kona ya nje ya jicho iko nyuma kuliko kona ya ndani, maana uso unazunguka kwenda masikioni.

Je, wajua mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa? Mtoto mchanga, kichwa chake ni robo ya urefu wa mwili wote. Mtu mzima ni sehemu moja kwa saba au saba na nusu. Na macho ya mtoto yako chini ya katikati ya kichwa, kwa sababu taya na meno bado hayajashuka. Shusha macho, punguza kidevu, na mtoto atatokea bila kuhitaji mashavu ya kuvimba.

Je, wajua nusu mbili za uso hazilingani? Nyusi moja iko juu, tundu moja la pua ni duara zaidi, mdomo unavutwa upande mmoja. Kichwa kilicholingana sawasawa hufanana na kinyago cha dukani.

Je, wajua picha ya simu hudanganya pua? Ukijipiga mwenyewe kwa umbali wa sentimita 30, pua huonekana pana kwa karibu asilimia 30 kuliko ilivyo. Utafiti wa mwaka 2018 uliofanywa na madaktari wa Marekani ulipiga hesabu hiyo. Kilicho karibu na kamera hukua, masikio hukimbilia nyuma. Kama huna budi kufinyanga kwa picha, mwombe mpiga picha arudi nyuma hatua kadhaa. La sivyo mketishe mtu barazani asubuhi, mwanga umjie kwa upande mmoja. Jua la saa sita mchana huziba macho kwa kivuli cha nyusi.

Je, wajua kichwa cha udongo hupungua? Udongo ukikauka na kuchomwa husinyaa, mara nyingi kati ya sehemu 5 na 12 kwa 100. Ukitaka kichwa cha sentimita 23 na udongo wako unapungua kwa kumi, finyanga sentimita 25 na nusu. Nacho lazima kiwe wazi ndani, unene wa kidole gumba, kila mahali sawa. Maji yaliyobaki ndani ya udongo mnene yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,500. Kichwa cha kwanza nilichokichoma kilipasuka kwa mlio uliowatoa majirani nje, na kilikuwa cha marehemu baba. Bibi mfinyanzi wa mtaa wa pili ndiye aliyenifundisha kuponda vigae vya vyungu vilivyovunjika na kuvichanganya na udongo mbichi, ili mvuke upate njia. Kichwa cha pili kilitoka salama, naye ndiye aliyekitoa kwenye majivu.

Je, wajua kichwa cha kale cha udongo kutoka kwetu Afrika Mashariki kiko London? Mwaka 1929 wafungwa waliokuwa wakichimba Luzira, karibu na Kampala, walifukua vipande vya sanamu za udongo, kikiwemo kichwa cha mtu. Leo vimo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Hakuna aliyewafundisha wafinyanzi wale kwa kitabu cha Roma.

Je, wajua nta ya nyuki hutengeneza vichwa vya shaba? Unafinyanga uso kwa nta juu ya kiini cha udongo, unaufunika kwa udongo mwingine, unapasha moto. Nta huyeyuka, kwenye nyuzijoto 62 hadi 64, inatoka, na shaba iliyoyeyushwa inaingia palipokuwa na nta. Mwaka 1938 mafundi wa ujenzi huko Ife, Nigeria, walichimbua vichwa vya namna hiyo vya karne za 12 hadi 15, mashavu na midomo yakiwa hai kiasi cha kukufanya ushushe sauti. Kabla ya hapo, mwaka 1910, Mjerumani Leo Frobenius alipoona kazi za Ife alisema lazima ni za watu wa Atlantis. Hakuweza kuamini kwamba Mwafrika alikuwa amemtazama Mwafrika kwa makini kiasi kile. Katavi tunayo nta. Mizinga ya Inyonga inajulikana nchi nzima. Natamani kuona siku nta ile ikipita kwenye mikono ya kijana wa hapa kabla haijauzwa kwa kilo.

Je, wajua mcheza mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, huchungulia wapi? Mara nyingi mdomoni mwa kinyago. Hukivaa kichwani kikiwa kimeinama, na macho yaliyochongwa hutazama juu ya umati. Vingine hubandikwa nywele za mtu halisi kwa nta.

Je, wajua aliyechonga Mnara wa Uhuru wa Kampala wa mwaka 1962 ni Mkenya? Gregory Maloba, aliyesoma na kufundisha Makerere, ambako Margaret Trowell alianzisha shule ya sanaa mwaka 1937. Na Mnara wa Askari wa Dar es Salaam, wa 1927, ni kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson. Askari yule amesimama katikati ya jiji tangu wakati huo. Ukipita, simama chini yake utazame shavu na taya, ujiulize ni nani.

Je, wajua sikio haliachi kukua? Daktari James Heathcote wa Uingereza aliwapima wagonjwa 206 wenye umri wa miaka 30 na zaidi, na matokeo yake ya mwaka 1995 yalionyesha kwamba sikio hurefuka kwa wastani wa milimita 0.22 kila mwaka. Mzee aliyeingia Katumba mwaka 1973 akiwa na miaka 30, na bado anayo picha aliyopigwa mwaka ule, masikio yake yalikuwa yameongezeka kama milimita 11 alipotimiza miaka 80. Ukienda kumfinyanga, picha ile mrudishie kwa mikono miwili. Kisha msogezee kiti, mwombe ageuke kidogo, umpime sikio la leo.